Mkono wa Kuchomoa

Fundi anayekaa mbele yangu hapa Bengaluru kazi yake ni kuchomoa kamera kwenye kompyuta ikiwa inarekodi, na kurekebisha programu mpaka kompyuta iache kuzimika kwa sababu hiyo. Huu ni mwezi wake wa tisa. Huchomoa kwa vidole viwili, kahawa ikipoa pembeni. Jana alichomoa mara mia tatu, haikuzimika. "Imepona, kaka," aliniambia. Papo hapo Gangamma, mfagiaji wetu, akaunasa waya wa kamera kwa ufagio, ukachomoka. Kioo kikawa cheusi. "Uwii, mwanangu, nimeua nini tena?" Fundi aliiwasha kompyuta, akachomoa mwenyewe, haikuzimika. Ndipo tukaona: vidole vilisubiri taa ya kamera ipepese, izime, nukta ambayo kuchomoa hakuizimi kompyuta, kisha vikavuta. "Mkono umejifunza kuukwepa ubovu," alisema. Akauweka chini ya paja, akaukalia.