Kengele za Ukingoni

Nakumbuka mchana mmoja wa ukungu, mjukuu wangu, na hata leo nikiukumbuka mikono yangu hutafuta usukani. Umeniuliza wewe na wenzako mpite njia gani na hiyo gari yenu ya kulala. Kaa basi. Chai haijaiva, na mimi sina haraka.

Enzi za wazungu nilikuwa dereva wa Bwana mmoja mwenye shamba la mahindi nje ya Eldoret. Alijenga kibanda cha mbao juu ya lori, akatia vitanda na jiko, akasema twende tukatembee milima ya Cherangani, tulale humo humo. Nyanya yako alikuwa yaya wao. Alipanda nyuma na watoto wa Bwana, huku baba yako, bado ananyonya, akiwa mgongoni.

Njia zilikuwa mbili. Moja ilizunguka tambarare, mavumbi na mahindi tu. Nyingine ilipita ukingoni, unaona bonde lote la Kerio chini ya miguu yako. Pale Moiben mzee mmoja aliyeuza maziwa alinionya: "Huko juu ukungu ukishuka, zima gari ukae." Nikamcheka. Mimi, dereva wa Bwana! Nilikuwa hata na kofia, hebu fikiria. Nikachagua ukingoni ili memsahibu, mke wa Bwana, ajionee uzuri.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nusura nivunje shingo za watu wote. Ukungu ulitufunika, mzito kama maziwa mala, nisione hata boneti. Ndipo nikasikia kengele za ng'ombe mbele yetu, zikienda taratibu. Aa, nilifurahi! Nimelelewa na ng'ombe mimi. Palipo ng'ombe pana njia. Nikazifuata polepole. Nikisita, nazo zinasita. Nikienda, zinaenda.

Ghafla nyanya yako akagonga mbao kwa nguvu. "Baba Kiprono, simama! Kengele nazisikia, lakini harufu ya ng'ombe iko wapi?"

Nikakanyaga breki. Kweli, hapakuwa na harufu, wala mlio wa kwato kwenye mawe. Kengele tupu. Bwana akanifokea pale kando yangu: "Kwenda! Iko ng'ombe, iko barabara!" Nikakataa. Nikashuka, nikatupa jiwe mbele. Sikulisikia likianguka. Na kengele zilikuwa zinalia huko huko hewani, usawa wa masikio yangu, zikiningoja. Kisha zikanyamaza zote kwa pamoja.

Ukungu ulipoondoka, gurudumu la mbele lilikuwa hatua moja tu kutoka ukingoni, na chini ni bonde. Bwana aliketi kwenye nyasi. Nyanya yako alimkumbatia mtoto akalia kwa sauti, na mimi nikalia, sikuona haya.

Kwenye boma la kwanza tulilofika, mzee mwenye boma alitusikiliza hadi mwisho. Akasema kule hakuna anayechunga tangu kundi zima la ng'ombe lilipotumbukia bondeni kwenye ukungu pamoja na mchungaji wake. Akamtemea baba yako mate kifuani kumbariki, kisha akanigeukia mimi.

"Kijana, ng'ombe wa kwenu uliwaacha nyumbani. Hawa ulidhani ni wa nani?"

Nikavua ile kofia yangu.

Basi mjukuu wangu, nendeni milimani, sikatazi. Uzuri uliumbwa utazamwe. Kuuliza si ujinga, lakini ukishauliza, sikia. Usipoona mbele, simama, hata ukichelewa, hata wakikucheka. Na kile ulichokizoea na kukipenda kikikuita mahali usipopaona, hapo ndipo uogope zaidi, maana kitu kigeni ungekishuku mwenyewe. Mtu wa nyuma akikwambia simama, usimwambie anyamaze.

Mungu akutangulie njiani, akupe mguu mwepesi kwenye breki na moyo usioona aibu kungoja, na akurudishe mlangoni kwa mama yako ukiwa mzima.