Jinsi sheria ya Uingereza ilivyomsafisha mama yangu jina baada ya miaka zaidi ya thelathini

Wakuu, heshima zenu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Texas, kati ya 2017 na 2019. Sijaongeza chumvi. Mama yangu yuko sebuleni saa hii, nikikosea atanisahihisha.

Mimi nimezaliwa Mbeya, 1985. Naishi Irving, nafanya kazi ofisini karibu na airport. Uraia wa Marekani nilishachukua (wale wa uraia pacha wekeni visu chini, tulishamalizana kwenye uzi mwingine).

Baba yangu alikuwa Mwingereza, anaitwa Geoff. Alikuja Mbeya na mradi wa kupima barabara. Mama alikuwa mchapaji kwenye ofisi ya kambi yao.

Hawakufunga ndoa. Nilipofikisha mwaka mmoja mradi ukaisha, mzee akarudi kwao. Barua zikaja miaka kama miwili, zikakata.

Sasa shida ni kwamba rangi nimechukua kwa mama. Ukipishana na mimi Walmart huwezi kujua nina mzungu popote.

Kwa hiyo ukoo ukaamua mama ni mwongo.

Aliyeongoza ni mjomba Ambakisye, mdogo wake ambaye mama ndiye aliyemsomesha. Alikuwa anasema mbele za watu, tena nipo, "Dada alimbambikia mzungu wa watu mtoto, ndiyo maana akakimbia."

Nimekua nayasikia hayo. Mama hajawahi kujibu hata siku moja.

Twende 2017. Tuko kwenye harusi Cedar Hill, mama nilishamleta kuishi na sisi. Meza yetu kuna auntie mmoja wa Kitanzania, akanitazama akacheka, "Eti huyu naye baba yake Mwingereza! Jamani, jua la Texas limefanya kazi!"

Meza nzima ikacheka. Mama akainama, akaendelea kuchambua samaki wake mwiba kwa mwiba.

Ambaye hakucheka ni Wanjiru, Mkenya anayefanya kazi kwa wakili wa immigration. Tulipotoka parking akanifuata.

"Hiyo sheria ya Uingereza ilichange, unajua? Unaweza ku-apply uraia kupitia babako hata kama hawakuoana. Lakini watataka proof."

Wakuu, nisimame kidogo hapa, maana kuna watu humu inawahusu.

Zamani sheria ya Uingereza ilisema mtoto hawezi kurithi uraia wa baba kama baba hakumuoa mama. Wa ndani ya ndoa anapata, wa nje hapati, baba ni yule yule. Mwaka 2006 wakarekebisha, lakini kwa waliozaliwa kuanzia hapo tu. Sisi wa zamani tukaachwa nje, mpaka baadaye Bunge lao likafungua mlango tujiandikishe.

Ila uraia wenyewe ni wa kurithi tu, huwezi kuurithisha tena. Binti yangu aliyezaliwa hapa hapati kupitia kwangu. Msije mkaniambia sikuwaambia.

Na mimi sikuwa na shida ya paspoti. Nilitaka mahali fulani iandikwe, kwa mhuri, kwamba mama hakudanganya.

Nika-apply. 2018 wakajibu: hapana.

Sababu? Cheti changu cha kuzaliwa kilikatwa nikiwa naanza darasa la kwanza, baba hayupo, jina lake kalitaja mama peke yake. Waliandika kwa adabu sana kwamba "hawajaridhika" huyo ni baba yangu.

Kusema kweli nilitaka kuacha. Nilimuonyesha mama ile barua, akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Ndugu zangu wameniita mwongo, nikanyamaza kwa sababu ni ndugu. Hawa si ndugu zangu. Niletee kompyuta."

Nikadhani anataka kuwaandikia matusi.

Akakaa mezani, akafumba macho, akaweka vidole kwenye keyboard. Akachapa anwani kamili ya nyumba moja Sheffield, mpaka postcode. Ni kwa wazazi wa Geoff. Miaka ile ya kambini alikuwa anaichapa kwenye bahasha za Geoff kila mwezi.

"Mimi sikumbuki," akaniambia. "Vidole ndivyo vinavyokumbuka."

Tukatuma barua. Wiki zikapita, nikaanza kusahau.

Siku moja niko lunch, email ikaingia kutoka kwa mwanamke anaitwa Helen. Anaishi kwenye nyumba ile ile. Geoff alikuwa baba yake, alishafariki. Na hajawahi kusikia habari za mtoto Tanzania.

Tukapiga video call. Helen hakuwa mkali ila alikuwa baridi. Aliona ni utapeli, na mimi simlaumu. Ningekuwa yeye nami ningeona hivyo.

Mama akaniomba simu. Kiingereza chake ni kile cha ofisini, kimenyooka. Akamwambia Geoff alikuwa anaandika kwa mkono wa kushoto, na alikuwa na kovu la kuungua kwenye kiganja, alishika taa ya kandili ikiwa ya moto.

"Alituambia aliungulia kambini," Helen akasema. "Hakusema nani alimtibu."

"Mimi," mama akajibu. "Kwa asali."

Helen akalia, mama akalia, mimi nikajifanya natafuta chaja.

Kabla ya kukata simu Helen akasema atapima DNA. Hatukumuomba, alijitolea mwenyewe.

Matokeo yalikuja Jumamosi asubuhi. Ndugu wa baba mmoja, karibu hakuna shaka. Nikamsomea mama jikoni anakaanga maandazi. Hakupiga vigelegele wala nini. Akazima jiko, akajifuta mikono.

"Mpigie mjomba wako. Weka spika."

Mbeya ilikuwa jioni, mjomba yuko na watu, tunawasikia wakiongea. Mama akamsomea karatasi yote, kwanza Kiingereza halafu Kiswahili, kituo kwa kituo, kama anamsomea hukumu.

 

"Dada," sauti ikaja, ndogo kabisa. "Nisamehe."

"Sema kwa nguvu, hao uliokaa nao wasikie."

Wakuu, mjomba akasema kwa nguvu.

Tuka-apply upya na kila kitu, maelezo ya Helen yakiwa juu. 2019 wakakubali. Kilichobaki ni kiapo, nacho kinafanyika ubalozi mdogo wa Uingereza kule Houston.

Tuli-drive masaa manne. Mama na kitenge chake kipya amekaa wima njia nzima, hataki kuegemea kiti asije akakikunja.

Pale mlangoni yupo ofisa na orodha, kijana mpole. Akalipata jina langu, halafu akamgeukia mama.

"And you are?"

Mama akamtazama usoni. "I am the one you did not believe."

Yule ofisa akanitazama, nikamueleza kwa kifupi. Akaingia ndani, akarudi na kiti, akakiweka mstari wa mbele kabisa, akamshika mama mkono mpaka akakaa.

Nikaapa. Katikati ilibidi nianze upya.

Nilichojifunza: sheria zinabadilika kimya kimya, hakuna atakayekuja kugonga mlango kukuambia. Ulizia. Na ukikataliwa mara ya kwanza, soma wamekosa nini kwako, uwapelekee hicho. Kingine, mama akikwambia baba yako ni fulani, mwamini kabla ya maabara.

Kama una kesi kama yangu, au unajua aliyeachwa hivi na mzazi Mwingereza, tupia hapa chini, nitajibu ninachokijua. Na wenye maswali kwa mama andikeni pia, amesema atachapa majibu mwenyewe, eti nikichapa mimi nampunguzia kasi.