Pipa la Mchakamchaka

Kila alasiri, kabla hajarudia kazi, alifunga mguu wake wa kushoto kwenye stuli kwa ukanda wa kitambaa. Mafundo mawili, bila hata kutazama. Wa kulia aliuacha, maana ndio unaokanyaga pedali.

Wenzake walimwita Mchakamchaka. Miaka kumi na minane alishona kwa cherehani ya miguu, miguu ikienda kutwa, na hakuna aliyejua kwamba haijui kutulia. Mwenyewe hakujua. Kisha fundi mkuu wa kiwanda cha nguo akauza cherehani zile, akaleta za mota. Hizi zinataka mguu utue, uguse kidogo tu. Hapo ndipo yalipoanza: kitu kama siafu ndani ya mifupa. Hakiumi. Hakitoki mpaka asimame atembee.

"Hiyo miguu inataka kukuhama," alisema Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Alikuwa mpiga pasi wa siku nyingi.

"Ikihama initumie salamu."

Shangazi akampa vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Akavimeza wiki nzima. Miguu ikazidi.

Zahanati walimtoboa kidole. "Damu unayo, mama. Kumi na mbili na nusu. Kafanye kazi." Akaenda, akafanya kazi.

Pale kiwandani palikuwa na desturi: ukiharibu nguo tatu ndani ya mwezi, unahamishiwa meza ya vifungo, kukaa kutwa na sindano ya mkono. Sare mbili za wauguzi zilikuwa zimeshamharibikia. Akarudi zahanati. Safari hii alikuta tabibu kijana aliyemuuliza habari za chakula, za hedhi, za vidonge, akamtoa damu ya mkononi. Majibu yakaja baada ya wiki.

"Ile ya kwanza tulipima maji ya ndooni, yaani wingi wa damu," tabibu alisema. "Ndoo yako imejaa. Feritini ndiyo pipa unalochotea, akiba yako ya chuma. Pipa lina tisa. Kwa miguu ya namna hii tunataka lipite sabini na tano."

"Nani kalimaliza?"

"Hedhi ya siku tisa, mama, si mchezo, na hiyo nayo tutaitazama. Halafu chai ya rangi kila mlo, inakizuia chuma kisiingie. Na vile vidonge vya mafua viache. Vinaichochea miguu."

"Nitapona lini?"

"Nakupa chuma. Pipa hujazwa polepole. Tutapima tena baada ya miezi mitatu."

Akaikunja karatasi ya majibu, akaitia kifuani. Alitaka kumwonyesha fundi mkuu jioni, watu wakishaondoka. Lakini alasiri ileile mguu wa kulia ukaruka. Mashine ikanguruma, sindano ikatembea kutoka kwenye kola mpaka mfukoni.

Fundi mkuu aliinua ile sare juu, wote waone. "Tatu."

Mchakamchaka akampa ile karatasi. Fundi mkuu akaisoma, akairudisha.

"Sasa dada yangu, nikungoje miezi mitatu ujaze pipa? Meza ya vifungo."

"Kaka, kule ndiko kukaa tu. Siwezi."

"Ndiyo kazi ya vifungo. Kukaa."

Alihamisha stuli yake mwenyewe. Akafunga miguu yote miwili. Alidhani atalia, akangoja kidogo, hakikuja kitu. Akashona kifungo, akakata uzi, akashona kingine. Siafu wakaingia. Akafungua mafundo, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Hakuna aliyeinua kichwa, walishamzoea. Akashona tena. Akaenda tena mlangoni, akarudi.

"Mchakamchaka, chai yako inapoa!" Shangazi alimwita.

"Inywe wewe. Nimekatazwa."

"Nani kakukataza chai?"

"Pipa."

Watu wakacheka. Yeye naye akatoa sauti kama ya kucheka. Akashona kifungo cha kumi na moja, akaichomeka sindano pembeni ya sare ili isipotee, akasimama. Alifika mlangoni, na pale alipozoea kugeuka hakugeuka. Barabarani miguu ilitulia, kwa kuwa ilikuwa inatembea. Alipita duka la vitambaa, akapita zahanati, hakuwa na haraka.

Shangazi aliifunika ile chai kwa kisahani mpaka saa ya kufunga. Kesho yake, mwenyewe hajarudi, akaimwaga. Zile kanda mbili ziliendelea kuning'inia kwenye stuli, na sare aliyoiacha Mchakamchaka ikamaliziwa vifungo na mtu mwingine.