Hema Lililogawanywa Majimbo Matatu

Sifa ni zako, ee Mungu, unayetawala mbingu na nchi bila katibu wala mhuri, uliyenivusha mipaka mingi ukanizeesha salama katika mji huu wa Johannesburg.

Mwaka 2015, kwetu Kongo, majimbo yalikatwa yakawa mengi ili madaraka yamkaribie mwananchi. Sisi wa huku tukaona wivu. Chama chetu cha kusaidiana misibani kilikuwa na hema moja, nalo halikutoka stoo bila barua yenye sahihi ya rais wa chama. Rais alifanya kazi Sandton, mtaa wa matajiri, na barua alizisoma Jumamosi tu. Watu hufa hata Jumanne. Tukasema imetosha: serikali kuu ipunguzwe, nguvu zirudi majimboni.

Mimi, mshauri wa chama katika mambo ya imani, nilisimama na Biblia mkononi nikawakumbusha jinsi nchi ya ahadi ilivyogawiwa makabila kwa kura. Wote wakaitikia amina. Tukaligawa jiji majimbo matatu, tukapiga kura. Watu wa kaskazini wakapata turubai, wa kusini nguzo, wa mashariki kamba na vigingi. Kila jimbo likachagua rais wake, likachonga mhuri, likaondoka na haki yake begani. Hakuna aliyeuliza hema liko wapi.

Wakati wa mvua za Desemba, mama mmoja fundi cherehani, jirani yangu mtaani Bellevue, akafiwa na mumewe, mlinzi. Walipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba tisa, kwa hiyo matanga yangekaa uani.

"Papa," akaniambia, "huyu amefukuzwa milangoni mwa watu maisha yake yote. Mvua isije ikamfukuzia na waombolezaji."

Turubai lilifika asubuhi. Nguzo hazikufika. Nikampigia rais wa kusini.

"Mzee, nguzo zangu haziwezi kutoka jimboni bila barua ya kaskazini."

Wa kaskazini akakataa: "Nikimwandikia, nimemkubali kuwa mkubwa!"

Nikampigia yule wa Sandton, awaamuru. "Mzee wangu, mlininyang'anya madaraka. Mimi natii katiba," akasema, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake siku za utawala wake.

Saa tisa mchana mawingu yakawa meusi. Marais wote watatu walikuwa wamefika na suti zao kutoa pole. Kamba zilikuwepo, ila hapakuwa na cha kufunga. Mjane akatoka chumbani, kitambaa cheusi kichwani.

"Papa Prezida, simama hapo," akamwambia rais wa kaskazini.

"Hapo wapi, mama?"

"Kwenye kona. Shika turubai, inua mikono. Wewe wa kusini, kule. Papa wa kamba, huku. Na wewe mzee uliyetupigisha kura, kona ya nne."

Tukainua. Mvua ikashuka na mawe yake. Chini yetu watu wakasogeleana, wakaanza kuimba.

"Eish, mzee, mikono," rais wa kusini akaninong'oneza.

"Vumilia, mwanangu. Unalitumikia jimbo."

Mama mmoja akapaza sauti kutoka katikati: "Jamani, leo ndiyo mara ya kwanza naona serikali ikibeba kitu!"

Mjane akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akaupokea wimbo. Hakuna aliyeondoka mpaka sala ya mwisho.

Baada ya mazishi, rais wa kaskazini alikuja kudai turubai lake. Mjane hakumkaribisha hata kiti.

"Litakaa kwangu. Leteni na nguzo, na kamba. Atakayefiwa aje achukue, naye alitunze hadi msiba unaofuata. Sitaki kuona karatasi."

Nguzo zililetwa jioni ile ile. Tangu hapo hema hutunzwa na aliyefiwa mwisho, na halijachelewa msiba hata mmoja. Marais wetu bado wanayo mihuri yao, na kwa kweli ni mihuri mizuri.

Nawe unayesoma, Mwenyezi akucheleweshee zamu yako ya kulitunza. Na ikifika, akuzungushie watu wasioona haya kulowa kwa ajili yako. Amina.