Saa ya Baba na Rubisi ya Mashitaka

Nakumbuka siku niliyofukia ndizi shimoni ili nimshitaki baba yangu mdogo. Usicheke, mwanangu. Ninyi wa leo mkigombana mnakimbilia ofisini. Kwetu Igurwa, miaka ile ya hamsini, aliyetaka kumshitaki ndugu mbele ya wazee wa ukoo alitangulia kuandaa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ndizi zikishafukiwa ziive, siku imepangwa, na wazee wanakuja.

Ugomvi wangu na baba mdogo Kakuru ulikuwa saa. Marehemu baba alifanya kazi kwenye machimbo ya bati kule Kyerwa, akafia huko nikiwa na miaka saba. Aliacha saa ya mfukoni. Baba mdogo aliitunza kwake Songambele hadi nilipojenga nyumba yangu, ndipo akanikabidhi ikiwa kwenye kitambaa. Nilifurahi mno. Kisha nikaitazama vizuri. Saa niliyoikumbuka ilikuwa na uso mweupe na mishale myeusi; hii uso wake ulikuwa wa manjano na mishale ya buluu. Nikamwonyesha karani wa ghala la kahawa, mtu wa kujua kila kitu. Akaigeuza mara moja tu.

"Umebadilishiwa, kijana. Ya baba yako imeshauzwa."

Nikaamini. Nilikuwa kijana wa hasira, nakiri, na yatima huwa mwepesi kuamini kwamba amedhulumiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nilivyojisemea huku nikichimba shimo.

Ndizi zikiwa bado shimoni, nilikwenda gulioni Kayanga kwa Mzee Zefania, fundi saa aliyetoka Bukoba. Nilitaka anipe ushahidi wa kupeleka kwa wazee.

"Shikamoo, mzee. Nataka uniambie kama saa hii ni ile ile ya marehemu baba yangu, aliyekuwa machimboni Kyerwa."

"Marahaba. Uso umebadilishwa," akasema hata kabla hajaifungua. "Na mishale."

Moyo ulinidunda kwa furaha ya ushindi, Mungu anisamehe. Ndipo akafungua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, akanionyesha namba iliyogongwa ndani ya mfuniko, na nyingine kwenye mashine. Zilikuwa namba ile ile.

"Hivi viwili havijaachana tangu kiwandani," akasema. "Uso niliubadili mimi. Baba yako aliiangusha kwenye mawe ya machimboni, uso ukavunjika na mishale ikapinda. Aliondoka nayo akarudi kazini, na mwezi ule ule nikasikia amefariki."

Kumbe ndiyo maana sikuwahi kuuona uso ule mpya. Mzee akainamisha mfuniko kwenye mwanga. Ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo, imepangwa mstari.

"Kila nikiisafisha saa naweka alama. Hii ya kwanza ni ya baba yako."

"Na hizi nyingine?"

"Za yule mrefu wa Songambele. Kila mwaka, kahawa ikishavunwa, huja kwa miguu niitie mafuta. Husema ni ya mtoto, isije ikamfia mikononi."

Nilizihesabu hizo za baba mdogo. Zilikuwa kumi na mbili. Mwanangu, nilikaa pale pale chini, nikihema kama mtu aliyetua gunia la kahawa. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yangu yalikuwa bado mtungini. Sijawahi kupata nafuu ya moyo kama ile.

Rubisi haikutupwa. Wazee walikuja, na baba mdogo alipouliza ni ya nini, nilisimama nikasema ni ya kumshukuru yeye. Walipoondoka nikamweleza yote, macho chini. Alicheka mpaka akakohoa.

"Hata ungenishitaki, ningekuja kunywa." Kisha kicheko kikaisha. "Lakini ulikwenda kwa karani, ukaenda kwa fundi. Kwangu hukuja. Kwangu ni mbali?"



Basi, mwanangu, ukipokea kitu cha kale, usishtuke kukuta kimebadilishwa hapa na pale. Kilichotumika kimetengenezwa. Kifungue kwanza, ndipo uhukumu. Na ukimshuku ndugu yako, nenda kwake, ukae, umuulize, kabla ya karani na kabla ya wazee. Kuuliza si ujinga. Mimi niliokolewa na ndizi zilizokuwa hazijaiva na fundi mwenye kumbukumbu. Wewe huenda usipate bahati hiyo.

Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kuuliza, na akuepushe na kumlilia kaburini mtu uliyemdhulumu kwa dhana tu.