Macho Mawili ya Mzabibu

Loisi wa Hombolo alifeli darasa la saba, na wala hafichi. Ukimkuta ametulia atakusimulia mwenyewe huku anacheka. Kule Haneti alikozaliwa, mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" darasa zima liliitikia "Ndiyo, mwalimu!" na sauti ya Loisi ilikuwa juu kuliko zote. Alikuwa haelewi hata kidogo. Sasa umwambie mkubwa wako hujaelewa, una adabu gani?

Kilichomfundisha ni kibarua. Mzee Zablon, mwenye shamba la zabibu, hakuwa mtu wa maneno. Alikata tawi moja, akampa mkasi, akasema, "Kata nione." Loisi akakosea. Mzee akamwekea mkono juu ya mkono, wakakata pamoja. La tatu akalikata peke yake, sawasawa. Kumbe akili anayo, tena nzuri tu, ila inaingilia mikononi!

Basi mwaka huu kikundi cha akina mama kumi anachokiongoza kilifikia kupogoa mizabibu yao kwa mara ya kwanza. Miaka miwili ya kumwagilia kwa ndoo, jamani, na ukikata vibaya msimu huo huvuni kitu. Aliyekuwa na wasiwasi zaidi ni Debora, mjane, ambaye shamba lake lote la mtama alikuwa amelifanya la zabibu.

Akaja Fabian, afisa ugani, kijana msomi na mpole. Akabandika karatasi kubwa ukutani, akafundisha saa mbili nzima. Jicho, akasema, ni pale chipukizi linapotokea. "Kila tawi, acheni macho mawili ya chini. Mmeelewa?"

"Ndiyo!"

Loisi aliijua sauti ile. Ilikuwa yake mwenyewe, ya miaka thelathini iliyopita, na ilimtia hofu.

"Haya, kila mtu akapogoe kwake," Fabian akasema.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Twende kwenye mzabibu mmoja tu, wakate tuone."

"Lakini mama, wamesema wameelewa."

"Hata mimi nilisema. Miaka saba!"

Wakatoka, Fabian ameibandua karatasi yake. Debora akaanza. Akainama, akalikwangua jicho la chini kwa ukucha, akalikwangua la pili, akainuka ametabasamu.

Fabian alishika kichwa. "Mama! Unafanya nini?"

"Si umesema tuyaache? Mwanamke akiachwa na mumewe, si anaondoka?"

Kicheko kilichoangushwa hapo, we acha tu! Lakini Loisi aliwaona wanne waliokuwa hawacheki. Nao wangekwenda kukwangua vilevile.

"Haya, dada yangu," alimwambia Debora. "Haya mawili yabaki. Ya juu yote yaondoke." Akamwekea mkono juu ya mkono, wakakata pamoja. Tawi la tatu Debora alilikata peke yake, kisha akaupitisha mkasi kwa mwenzake, hadi wote kumi wakakata. Loisi alisimama pembeni, ameridhika kabisa.

Fabian akakunja karatasi yake. Mazoea hayo, akauliza tena, "Kwa hiyo, mmeelewa?"

Debora akamnyooshea mkasi.

"Kata tuone."

Fabian akaupokea, akaugeuza huku na huku. Katika kusoma kwake kote hakuwahi kukata tawi hata moja. Loisi akamsogelea, akamwekea mkono juu ya mkono.