Mpaka Uji Ukae Tumboni

Fundi Cheche alikuwa na mikono ya kushika chuma cha moto, lakini sufuria ilimshinda. Si kwamba alikuwa mvivu. Alioa mpishi, basi. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa kupikia watoto mamia bila kutoka jasho, na akirudi nyumbani hakutaka mtu aguse jiko lake. Cheche alitoka kuchomelea mageti na madirisha, akanawa, akala, akasifia. Ndivyo walivyoishi mpaka mabinti zao pacha wakakua, wakaolewa mbali.

Kisha Mama Pacha akagundua uvimbe kwenye titi. Hakuuficha. Alimwambia mumewe asubuhi ileile, akiwa anafunga kilemba, kwa sauti ya mtu anayesema mafuta ya kupikia yamekwisha. Wakaenda hospitali. Vipimo vikasema saratani. Akafanyiwa upasuaji, kidonda kikapona vizuri, wakadhani gumu limepita. Ndipo zikaanza dripu za dawa ya saratani.

Dawa ile iliingia mshipani polepole akiwa ameketi kwenye kiti cha kuegemea, na palepale hospitalini hakuona tabu. Tabu ilimsubiri nyumbani. Alipewa vidonge vya kuzuia kutapika, akavimeza kama alivyoelekezwa, na kweli kutapika kulipungua. Lakini kichefuchefu kilibaki, kimekaa kooni tangu anapofumbua macho. Jirani akikaanga vitunguu, yeye anakimbilia upande wa pili wa nyumba. Mtu aliyezoea kujua wali umeiva kwa kunusa tu akiwa mlangoni, sasa alishinda na mtandio puani.

Harufu iliyomshinda kuliko zote ilikuwa ya mumewe. Cheche alirudi kutoka karakana akinuka moshi, grisi na chuma kilichoungua, kama alivyonuka miaka yote ya ndoa yao. Jioni moja aliketi kando yake kumpa pole, Mama Pacha akageukia ukutani.

"Usinielewe vibaya, Baba Pacha," alisema. "Si wewe. Ni hicho chuma."

Alimwelewa, lakini maneno yale yalimkata maini. Tangu siku hiyo akawa anaoga karakana, nyuma ya pipa la maji, akijisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi inamwasha, ndipo anavaa nguo safi na kurudi nyumbani. Wenzake walimtania kwamba ana mchumba mpya. Aliwaacha wacheke.

Nguo za Mama Pacha zikaanza kumpwaya. Siku ya kwenda kuwekewa dripu nyingine, sista wa wodi alimpandisha kwenye mzani, akatazama mshale, akaenda kumwita daktari. Daktari akasema damu imepungua na mwili umedhoofu. Dripu isogezwe mbele, kwanza ale. Mama Pacha alipofika nyumbani alijilaza kitandani na viatu vyake.

"Nimechoka," alisema. "Wakisogeza wasogeze. Wakiacha waache."

Cheche alimvua kiatu kimoja, kisha cha pili. "Utakula," alisema.

"Atapika nani?"

"Mimi."

Mama Pacha alimtazama, kisha akafumba macho kama mtu aliyeletewa habari mbaya kuliko ugonjwa wenyewe.

Kesho yake Cheche alirudi hospitali peke yake, akamsubiri sista amalize kugawa dawa. Alimweleza kila kitu, mpaka habari ya mtandio puani. Sista alikuwa mama mnene, mwenye haraka, lakini kwa hili alisimama.

"Mpe kidogo kidogo, mara nyingi," alisema. "Chakula kiwe kimepoa, maana cha moto kinapandisha harufu. Na ujaribu tangawizi. Wengine inawatuliza kichefuchefu, wengine haiwasaidii kitu. Vidonge vyake asiache."

"Niweke nyingi?"

"Ndiyo makosa yenu hayo. Kidogo tu, ikizidi inachoma tumbo. Na ngoja kwanza nimuulize daktari. Kuna dawa ambazo tangawizi haipatani nazo, kama zile za kuzuia damu kuganda."

Daktari alipitia dawa za Mama Pacha, akasema kwa kiasi cha chai na chakula hana pingamizi. Cheche alitoka pale moja kwa moja hadi sokoni.

Mama wa viungo alimwona anapapasa fungu lake la tangawizi kama anachagua bolti. Alikuwa ameshika pande kubwa lililosinyaa.

"Ya chai au ya nyama, baba?"

"Ya mgonjwa."

Yule mama akamnyang'anya lile pande. "Hiyo imezeeka, ni nyuzi tupu. Chukua ngumu, yenye ganda linalong'aa." Akavunja kipande, kikalia kak, harufu kali ikapanda. "Unasikia? Hii ina maji yake. Na ukifika usiimenye kwa kisu, utatupa nusu. Ikwangue kwa ncha ya kijiko."

Cheche alikwangua kwa kijiko. Hadi hapo alikwenda vizuri. Kisha akaitumbukiza tangawizi yote aliyonunua kwenye maji, akaichemsha mpaka maji yakabadilika rangi, akamimina kikombe na kumpelekea mkewe kwa mikono miwili. Mama Pacha alionja tone moja. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Pacha, hii ni chai au ni adhabu?"

Akaanza kucheka. Alicheka huku ameshika mbavu upande uliopasuliwa, akimsihi mumewe aache kumtazama namna ile. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu dripu ya kwanza. Cheche alikwenda kumwaga birika nje, na huko nje akafuta macho kwa mkono wa shati.

Hakuacha. Alijaribu tena kabla ya kwenda kazini, na tena aliporudi. Alitoboa kipande cha bati safi kwa msumari, akakisugua makali, akapata kitu cha kukwaruzia tangawizi mpaka ikawa laini kama rojo. Akajaribu vipande vyembamba kwenye maji ya moto, amefunika, akaacha yapoe kabisa, akakamulia ndimu. Maji yale Mama Pacha aliyanywa nusu kikombe, akasubiri. Yakatulia. Alasiri akaomba mengine.

Uji ndio uliomtoa jasho. Wa kwanza uliingia mabonge, wa pili uliungua, wa tatu ulikuwa mzuri lakini mkewe hakuutaka hata kuuona. Cheche aliula mwenyewe akiwa amesimama, akaosha sufuria, akaanza upya siku iliyofuata. Aliupika mwepesi, akatia rojo la tangawizi kiasi cha ncha ya kijiko na sukari kidogo, akauacha dirishani upoe. Akamletea kwenye kikombe kidogo cha kahawa ili usimtishe kwa wingi.

Mama Pacha alikunywa funda moja moja. Alipomaliza alikishika kile kikombe kifuani, anasikiliza tumbo lake.

"Umekaa," alisema mwishowe.

Tangu hapo kazi ikawa ya wote wawili. Mama Pacha alivuta kigoda mlangoni mwa jiko, mbali na mvuke, akawa anaamuru. Punguza moto. Usikoroge kama unachanganya saruji. Cheche alijifunza kuchemsha supu ya kuku, akitia tangawizi na kitunguu saumu mapema ili kukata ile harufu ya nyama mbichi, na kuiengua mafuta ikishapoa. Siku moja, kwa furaha ya kuona anakula, alizidisha tangawizi, na mkewe akashinda na kiungulia. Akapunguza. Kulikuwa na siku ambazo hakuna kilichosaidia, si maji, si uji, si kitu. Siku hizo Mama Pacha alilala tu, na mumewe alikaa pale, kisha asubuhi akakwangua tangawizi nyingine.

Uzito ukaanza kurudi, kidogo. Daktari akaridhika, dripu zikaendelea.

Ilikuwa siku moja kabla ya dripu ambapo kaka yake Mama Pacha alikuja. Alikuwa muuza vipuri, mtu mwenye huruma na asiyependa kusikiliza. Alitua mezani chupa kubwa ya kitu kizito cha rangi ya matope.

"Dada, hii ni tangawizi tupu, imekamuliwa," alisema. "Nimetumiwa kwenye simu maelezo yote. Inamaliza saratani yenyewe. Achana na hayo madripu, yanakuua. Shemeji, hata wewe si umeona tangawizi ilivyomfaa?"

Cheche aliitazama ile chupa. "Imenisaidia kumlisha, shemeji," alisema. "Kumtibu sijaiona ikimtibu."

"Basi kwa sababu mmeweka kidogo."

Mama Pacha aliivuta ile chupa karibu, na jambo hilo likamtisha mumewe. Alijua jinsi mkewe alivyoichukia siku ya kesho. Alijua kwamba mkewe akikubali kuacha dripu, hakuna atakayemlaumu.

"Kaka," alisema Mama Pacha, "nani amepona kwa hiyo?"

"Wako wengi. Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie mmoja, twende kwake sasa hivi. Nitavaa viatu."

Kaka mtu akatafuta kwenye simu yake, akatafuta tena.

"Tangawizi imenirudishia uji," alisema Mama Pacha, "na ninaishukuru. Kazi yake imeiweza. Nisiibebeshe kazi ya watu wengine." Akaisogeza ile chupa pembeni. "Unanipenda, najua. Kwa hiyo kesho utanipeleka wewe. Una gari, na Baba Pacha ana geti la watu la kumaliza."

Kaka mtu alinyanyuka akaenda dirishani. Alipogeuka uso wake ulikuwa umelegea.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Alimpeleka, akakaa naye mpaka tone la mwisho, na akamshikia chupa ya maji ya tangawizi ambayo Cheche aliipoza tangu asubuhi. Dripu iliyofuata alijileta mwenyewe bila kuitwa.

Dripu zilipokwisha zote, nywele zilizokuwa zimemnyonyoka zilianza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Daktari alisema kwa sasa haoni dalili, lakini aje kupimwa kila anapoitwa, na Mama Pacha hajawahi kukosa. Alirudi shuleni kwanza kwa nusu siku. Wasaidizi wake walimwekea kiti karibu na mlango. Alikikalia siku ya kwanza kwa heshima yao, ya pili akakisukuma ukutani, akachukua mwiko.

Ladha nayo ilirudi, na ilirudi na mambo yake. Asubuhi moja Cheche alimletea chai ya tangawizi kama alivyozoea. Mama Pacha aliinusa, akaiweka chini.

"Usinune," alisema. "Lakini hii harufu sasa inanipeleka kwenye kile kiti cha hospitali. Siiwezi tena."

Cheche hakununa. Alichemsha chai nyingine isiyo na kiungo, akampa. Ile ya tangawizi akainywa yeye, polepole, maana kwa kuionja kila siku ameshaizoea kiasi kwamba chai isiyo nayo anaiona maji. Tangu hapo kuna birika mbili jikoni, na yeye ndiye anayezibandika zote.